Umempokea Binti Asiye Wako: Mwongozo Kamili wa Kumlea Kihalali, Kumkinga na Mimba na Kusimama Naye Ikiingia

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi na binti wa miaka 10 hadi 17 ambaye hakumzaa. Huenda ni mtoto wa marehemu dada yako aliyetoka Rombo, au mtoto wa shemeji aliyeletwa mjini asome sekondari, au umekabidhiwa na ustawi wa jamii.

Niko kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu hapa Moshi, na kesi zinazofika mezani zinafanana mno. Binti ana mimba ya miezi 5, mlezi analia. Ukiuliza, hakuna karatasi inayoonyesha binti yuko mikononi mwa nani, hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa naye wakaongea mambo ya mwili, na familia mbili zimeshaanza vikao vya "kuyamaliza". Wenzetu wa Arusha wanasimulia hayohayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba, kwa hiyo usijipe moyo kwamba haya ni ya nyumba za wengine.

Fuata hatua kwa mpangilio. Kama mimba tayari ipo, anzia hatua ya 7, kisha urudi hatua ya 1 na ya 2 wiki hiyohiyo, maana bila karatasi zile utakwama kituo cha polisi na shuleni pia.

Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Cheti cha kuzaliwa cha binti. Kama hakipo, tafuta kadi yake ya kliniki ya utotoni, cheti cha ubatizo au fomu ya kuandikishwa darasa la kwanza, na uanze maombi ya cheti RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo.
- Kitambulisho chako cha taifa (NIDA), na nakala ya kitambulisho cha mzazi aliye hai. Kama wazazi wamefariki, vyeti vya vifo.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakoishi.
- Namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mahali binti anapoiona. Chini yake andika 116, simu ya msaada kwa watoto. Kuipiga ni bure.
- Daftari moja la kuandika tarehe: siku aliyofika kwako, alipougua, alipobadili shule, nani alikuja kumwona.

Cheti cha kuzaliwa kimetangulia kwa sababu. Kesi ya kumlawiti au kumbaka mtoto, au ya kumpa mimba mwanafunzi, inasimama juu ya umri na uanafunzi wake. Mahakama hukubali umri uthibitishwe pia kwa ushahidi wa mzazi, ndugu au daktari, ila wakili wa upande wa pili ataanza kuchokonoa hapohapo. Karatasi inamnyima pa kuanzia.

Hatua ya 1: Jua unamlea kwa njia ipi

Wengi wakiulizwa hujibu "namlea tu". Jibu hilo halikusaidii mbele ya mtu yeyote mwenye mhuri. Njia ziko nne, na kila moja ina mlango wake.

Malezi ya ndugu: wewe ni shangazi, mjomba, mama mdogo, bibi au kaka. Huhitaji kibali cha malezi ya kambo, lakini unahitaji maandishi. Kaeni na mzazi au wanaukoo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muandike nani atasaini shuleni na hospitalini, nani analipia nini, na binti atarudi kwao lini au kwa sababu gani. Kila upande ubaki na nakala.

Mtu wa kuaminika: ni familia iliyochunguzwa na ustawi wa jamii na kuandaliwa kumpokea mtoto wa dharura kwa muda mfupi, labda aliyeokolewa usiku kutoka kwenye nyumba ya ukatili.

Malezi ya kambo: hujamzaa, si ndugu yako, na unamlea chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa kibali na usimamizi wa ustawi wa jamii. Binti anabaki mtoto wa wazazi wake kisheria. Wewe umekabidhiwa malezi.

Kuasili: hapa anakuwa mtoto wako moja kwa moja, na uamuzi hutolewa na Mahakama Kuu. Usianze na wazo hili kwa binti wa miaka 15 uliyekutana naye mwezi uliopita.

Kuna njia ya tano ambayo haimo kwenye sheria, nayo imejaa mjini. Binti ameletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, anaamka saa 10 alfajiri, anafua, anabeba mtoto mgongoni, anauza maandazi, na wageni wanaambiwa ni mtoto wa ndugu. Huyo hukumpokea, umemwajiri. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu binti wa namna hii ndiye anayepata mimba mapema: hana pesa, hana mtu wa kumlalamikia, na kila mwanaume wa mtaa anajua hana wa kumtetea.

Hatua ya 2: Ingia kwenye daftari la serikali

Anza serikali ya mtaa. Jitambulishe na binti akiwepo, ili mwenyekiti na mjumbe wamjue sura. Kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe Manispaa ya Moshi, Jiji la Arusha, Hai au Meru. Kama unaomba malezi ya kambo, maombi yako yatapitia kwa afisa huyo kwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Afisa atakuja nyumbani. Ataangalia mnalala vipi, mnakula nini, nani mwingine anaishi hapo, kipato kinatoka wapi. Atataka kuongea na binti peke yake. Mwache aongee. Mlezi anayechungulia mlangoni wakati huo anajiharibia mwenyewe.

Usimchukue mtoto moja kwa moja kutoka kituo cha kulelea watoto, wodini au kwa "mama fulani" anayejua pa kuwapata, hata kama nia yako ni njema kiasi gani. Na usimlipe mtu yeyote kwa ajili ya kupewa mtoto. Hapo umeshaingia kwenye usafirishaji haramu wa watoto.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na barua yenye jina lako, jina la binti na mhuri, na afisa akiwa na namba yako kwenye simu yake.

Hatua ya 3: Panga nyumba na njia ya shule

Watu wakisikia mimba za utotoni wanamtaja bodaboda. Bodaboda wapo, ndiyo. Lakini kwenye mafaili mengi niliyoona mhusika alikuwa mtu anayejua jina la mbwa wa nyumba ile: mpangaji wa chumba cha uani, binamu aliyekuja kutafuta kazi, mwalimu wa tuisheni, baba wa nyumba mwenyewe. Kwa hiyo anzia ndani.

Binti alale na wasichana wenzake au peke yake, kwenye chumba chenye komeo linalofungwa kwa ndani. Nyumba zetu za Majengo, Pasua, Unga Ltd au Sombetini mara nyingi zina choo na bafu uani, na wapangaji wanachangia. Weka taa pale, na atakayeoga usiku asindikizwe. Taa moja ya uani ni nafuu kuliko nauli ya siku moja ya mahakamani.

Usimwachie mwanaume yeyote mzima binti wa watu siku nzima kwa kuwa tu "ni ndugu". Ukisafiri, muulize binti angependa kukaa kwa nani, na sikiliza akikataa nyumba fulani bila kutoa sababu. Kukataa huko kuna maana kuliko maelezo.

Njia ya shule sasa. Itembee mwenyewe mara moja, saa anayotembea yeye. Tazama panapokuwa giza, vijiwe viko wapi, daladala inamshusha wapi. Kama lazima apande bodaboda au bajaji, chagua dereva mmoja anayejulikana kijiweni, mlipe wewe kwa wiki au kwa mwezi, na binti ajue kwamba hadaiwi chochote. Madeni madogo ya nauli na lifti za bure ndizo zinazogeuka kuwa madai mengine.

Pesa ndogondogo zina uzito uleule. Pedi, mafuta, hela ya chipsi, vocha: binti asiyepewa na mlezi atapewa na mwingine, na huyo hatampa bure. Weka kiasi kidogo cha kila wiki, hata kama ni kidogo kweli, na kisipungue bila kuambiwa.

Kuhusu "geto", yaani chumba cha kupanga karibu na shule kwa kuwa nyumbani ni mbali: epuka kwa nguvu zote. Tafuta bweni, au familia iliyo karibu na shule ambayo umeitembelea na ustawi wa jamii wanaijua. Ikishindikana kabisa wapange wasichana kadhaa pamoja kwa mama mwenye nyumba anayeishi hapohapo. Kaguzi za ghafla zinasaidia kidogo tu. Mtu mzima anayelala chini ya paa lile anasaidia zaidi.

Hatua ya 4: Ongea naye, mapema na mara nyingi

Zamani kazi hii ilikuwa ya shangazi na bibi. Mjini shangazi yuko Dar, bibi amebaki mlimani, na mama mdogo anaona aibu. Binti anajifunzia kwenye simu ya rafiki yake.

Usisubiri siku maalumu ya kumkalisha chini kama uko mahakamani. Ongea mkimenya ndizi, mkikunja nguo, mkitoka sokoni Kiboriloni na mizigo. Mambo ya kufika nayo, si kwa siku moja: hedhi inavyokuja na siku zipi mimba inaweza kuingia, kwamba mara ya kwanza mimba inaingia vilevile, kwamba mtu mzima anayemwambia "hii iwe siri yetu" anapaswa kusemwa siku hiyohiyo, kwamba kupokea zawadi hakumpi mtu haki ya mwili wake.

Swali ninalowashauri walezi waulize ni moja, na mazungumzo yake huwa mafupi hivi:

"Mwanangu, siku ukiona hedhi imepita, utamwambia nani kwanza?"

"Sijui, mamdogo."

"Niambie mimi. Nitakasirika, sikufichi. Lakini hutalala nje, na shule hutaacha."

Kwisha. Usiongeze hotuba. Sentensi ile ya kutolala nje ndiyo inayofanya mtu aje kukuambia mimba ikiwa na wiki 6 badala ya kuificha kwa sweta la shule hadi mwezi wa 5.

Vitisho havikingi. "Ukipata mimba usikanyage hapa" humfanya aogope wewe, haimfanyi aogope mimba. Matokeo yake ni vidonge vya kununua kichochoroni na kutokwa damu usiku.

Utajua mazungumzo yameshika pale atakapokuletea swali ambalo hukulitegemea, tena wakati mbaya, labda mbele ya mboga inayoungua. Acha iungue.

Hatua ya 5: Mpeleke kituo cha afya kabla hajaumwa

Wengine hapa watafunga ukurasa. Hata hivyo wale wanaokuja kwenye kamati wakilia ni walewale waliosema "huyu wa kwetu bado mtoto".

Vituo vya afya vya umma vina huduma rafiki kwa vijana. Moshi mjini unaweza kuanzia Pasua au Majengo. Arusha kuna Kaloleni na Levolosi. Muulizie mhudumu wa afya ya uzazi kwa vijana, umtambulishe binti, kisha utoke nje ya chumba.

Kama una sababu ya kuamini ameanza mahusiano, au yeye mwenyewe amesema, njia za uzazi wa mpango zipo na vituo vya umma huzitoa bila malipo. Miongozo ya nchi haimzuii kwa sababu hajaolewa au hajazaa. Kijiti cha Implanon, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinakaa miaka 3, cha Jadelle miaka 5, na vyote huondolewa wakati wowote akitaka. Sindano ni kila baada ya miezi 3. Vidonge vinataka nidhamu ya kila siku, ambayo watu wazima wengi hawana, sembuse wa kidato cha pili. Kondomu ndiyo pekee kati ya hizi inayokinga pia VVU na magonjwa mengine ya ngono, kwa hiyo haiachwi hata akiwa na kijiti.

Maneno ya mtaani kwamba kijiti kinaharibu kizazi si kweli. Kinachotokea ni hedhi kuvurugika: matone yasiyoisha, au kukosa kabisa miezi kadhaa. Mwambieni mapema, asije akaking'oa kwa woga. Kwa sindano, uzazi unaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa baada ya kuacha.

Tahadhari kubwa: usimwekee kijiti binti kwa siri yako wewe, au kwa kumlazimisha, ukadhani umemaliza kazi. Kijiti kinazuia mimba. Hakimzuii anayemwingilia, na kuna nyumba ambamo kijiti kimemfichia mkosaji kwa miaka. Binti wa miaka 12 anayehitaji kijiti anahitaji kwanza mtu amuulize kwa nini.

Mkiwa hapo ulizia chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Hatua ya 6: Akiingiliwa, hesabu saa

Akikuambia ameingiliwa, kwa nguvu au kwa kudanganywa, maneno ya kwanza yawe "nakuamini, twende". Maswali ya ulivaa nini na ulifuata nini kule yaache kabisa.

Asioge, asifue, asibadili nguo kama inawezekana. Nguo zikishavuliwa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mifuko ya plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi.

Nendeni hospitali: Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha, au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na huendelea siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo mtaani huitwa P2, hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema ndani ya saa 72, na vinaweza kusaidia hadi saa 120.

PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, utaipata polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa karibu na polisi pitia; ukiwa karibu na hospitali anza hospitali, maana saa zinakimbia, na fomu inaweza kufuata. Mhudumu akikuambia "rudini na PF3 kwanza", omba kuongea na mganga wa zamu au kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali hiyo.

Hatua ya 7: Mimba ipo. Wiki ya kwanza

Pima kwa uhakika. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatosha kuanzia, mkojo wa asubuhi, tangu siku hedhi ilipotakiwa kuja. Kikionyesha ndiyo, thibitisheni kituo cha afya na mjue umri wa mimba.

Siku hiyo usiite kikao. Usipige simu kijijini. Kaa naye, ale, alale. Hatari ya kujidhuru ni kubwa usiku ule wa kwanza, na hatari ya pili ni kukimbilia kwa aliyempa mimba.

Kutoa mimba ni kosa la jinai nchini, isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na zile dawa za kichochoroni zimezika wasichana. Lakini kama tayari amekunywa kitu na anatoka damu, mpeleke hospitali mara moja na useme ukweli alichokunywa. Huduma kwa mimba iliyoharibika ipo, na kazi ya daktari ni kumtibu.

Kumhamishia kwa bibi "mpaka ajifungue" ni kosa linalorudiwa kuliko yote. Huko hakuna kliniki karibu, shule inakatika, ushahidi unapoa, na mkosaji anapata muda wa kuhama mkoa.

Ndani ya wiki hiyo wajulishe afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia. Wewe kama mlezi wa kambo una wajibu huo moja kwa moja, na Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Usiogope kwamba utanyang'anywa binti kwa kuripoti. Anayenyang'anywa ni aliyeficha.

Hatua ya 8: Kesi, na jani la isale

Kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akisema alikubali, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari pia ni miaka 30, na kumuoa au kumuozesha mwanafunzi ni jinai, ikiwamo kwa mzazi au mlezi aliyepokea mahari. Kama mvulana mwenyewe ni mtoto, shauri lake linakwenda mahakama ya watoto kwa taratibu zake.

Haya yote yanajulikana. Kesi zinaanguka kwingine.

Upande huu wa mlima, familia ya kijana itakuja jioni na wazee, pombe na jani la isale. Kwetu Wachaga isale, jani la kuombea msamaha, ni heshima kubwa. Ukiletewa ni vigumu kugoma kusamehe. Pokea wageni, wape maji, sikiliza. Msamaha wa moyoni ni wenu. Ila jinai ni kesi ya Jamhuri, mlezi hana mamlaka ya kuifuta, na anayepokea pesa au ng'ombe ili shahidi asifike mahakamani anajitafutia shtaka lake mwenyewe. Jibu la kuwapa wazee ni fupi: "Wazee wangu, nimewasikia. Jambo hili liko polisi." Ndiyo sababu nasema uripoti kabla kikao hakijaitwa, uweze kusema kauli hiyo kwa kweli.

Binti atatetereka. Pengine anampenda, pengine ameahidiwa ndoa. Usimgeuze adui kwa ajili ya kesi. Mtafutie msaidizi wa kisheria. Moshi lipo shirika la KWIECO linalosaidia wanawake na watoto kisheria, na ofisi za ustawi zitakuelekeza kwingine.

Mhusika akikana, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Arusha. Huwezi kwenda kwa miguu yako ukapimiwa; ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa kama polisi au ustawi wa jamii. Kwa kawaida husubiriwa mtoto azaliwe. Kwenye daftari lako andika jina la mpelelezi, namba ya jalada na kila tarehe uliyoambiwa "rudi wiki ijayo". Tarehe zikirundikana, peleka daftari hilo kwa mkuu wa kituo.

Hatua ya 9: Kliniki na kujifungua

Aanze kliniki mara tu mimba ikijulikana. Vituo vingine huomba mwenza aje naye hudhurio la kwanza. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya ustawi wa jamii inatatua hilo. Kamwe msimpeleke mkosaji "ili tu kadi ipatikane".

Atapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu na shinikizo, atapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Hakikisha vidonge vya damu anavimeza kweli. Wasichana wengi huvificha chini ya godoro kwa sababu vinawatia kichefuchefu. Avimeze usiku baada ya kula.

Mwili wa miaka 14 au 15 uko kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba, upungufu wa damu na uchungu unaokwama, ambao ndio unaoleta fistula, yaani tundu la kuvuja mkojo au kinyesi. Kwa hiyo ajifungulie penye chumba cha upasuaji. Mlimani kuna hospitali za Machame, Kibosho na Marangu, mjini mnazijua. Andaa nauli ya dharura mapema na namba ya gari litakaloamka saa 8 usiku.

Mkimbize bila kungoja asubuhi akiona mojawapo ya haya: kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, damu, maji kutoka kabla ya wakati, homa, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Hatua ya 10: Shule na mtoto aliyezaliwa

Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa mimba kurudi kwenye shule za kawaida. Mwone mkuu wa shule akiwa bado mjamzito, umweleze kwa barua kwamba atarudi, na upate nakala iliyogongwa mhuri kuwa imepokelewa. Akizungushwa, panda kwa afisa elimu kata, kisha wa halmashauri. Kama maneno ya wenzake yanamuumiza, omba ahamishiwe shule nyingine. Mara nyingi hili ndilo linalomfanya abaki darasani.

Asiyetaka tena sare ana njia nyingine: sekondari kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako wasichana waliokatizwa wamewekewa mpango wao, au ufundi VETA, Moshi na Arusha vyuo vipo. Mwache achague yeye. Ushonaji si adhabu ya waliozaa.

Mtoto aliyezaliwa ni wa binti. Yeye ndiye mama yake kisheria na kwa titi, hata kama wewe ndiye unayeamka usiku. Tunza tangazo la kizazi, yaani karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, kutoka hospitali na ufuatilie cheti. Jina la baba lisiandikwe kwa kubahatisha wakati kesi iko mahakamani. Muulize afisa ustawi kwanza, maana hata maombi ya matunzo ya mtoto yatapitia huko. Na kumpeleka kichanga kituoni ili binti "aanze upya" si uamuzi wako peke yako, wala si wa ukoo.

Kuhusu kunyonya na darasa: maziwa ya mama pekee ni miezi 6. Mtori na uangalizi wa uzazi vipewe nafasi yake, bibi atasisitiza miezi 3 na sina ugomvi naye, ila pigeni hesabu ya muhula unaofunguliwa. Shule ikiwa karibu, arudi mchana kunyonyesha. Ikiwa mbali, ajifunze kukamua asubuhi kwa mkono kwenye chombo kilichochemshwa, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 hivi penye ubaridi wa kawaida wa chumba, kwa hiyo panga nani analea zamu ya asubuhi na nani ya mchana, kwa majina, na ubandike ratiba hiyo ukutani kabla shule haijafunguliwa.

Kabla hajatoka siku ya kwanza, mrudishe hatua ya 5. Mimba ya pili inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi.